Uzi: The Haunted House ya Buster Keaton (1921), jumba la mizimu ambalo steringi wake ni ngazi

#1 Kibao Kata (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Humu ndani hazipiti siku mbili bila kugombana kuhusu muvi za kutisha: mara Wakorea, mara Waindonesia, mara majini ya Kituruki. Leo naomba turudi nyuma miaka mia na ushee. Kuna kichekesho cha dakika ishirini na kidogo, hakina sauti, hakina rangi, na mizimu yake ni watu waliojifunika mashuka. Kinaitwa The Haunted House, kilitoka Februari 1921. Steringi ni Buster Keaton, ambaye pia amekiongoza akishirikiana na Edward F. Cline. Adui ni Joe Roberts, pande la mtu, ambaye Keaton alipenda kusimama naye kwenye picha ili yeye mwenyewe aonekane kifaranga. Binti ni Virginia Fox.

Nasimulia mpaka mwisho, kwa hiyo asiyetaka kuharibiwa uhondo akatazame kwanza. Bando lake ni dogo.

Keaton ni keshia wa benki. Meneja wake, huku anavaa suti na kusalimia wateja, ana genge lake pembeni, na maficho ya genge ni jumba kuukuu. Ili watu wasilisogelee wamelitengeneza lionekane lina mizimu. Siku ya tukio Keaton anachafua kaunta kwa gundi. Noti zinamganda mikononi, wateja wanaganda, na majambazi wakiingia nao wanaingia kwenye gundi hiyohiyo. Keaton karibu aukwamishe wizi wote, lakini mwenye benki anatokea wakati kijana wetu ndiye ameshika bastola. Kesi imeisha hapo, mwizi ni huyu. Keaton anatimua mbio, na katika nyumba zote za mji ule anaingia ileile.

Usiku huohuo kuna kikundi cha maigizo kinacheza Faust, hadithi ya mtu aliyemuuzia shetani roho yake. Kinaboronga mpaka watazamaji wanakifukuza. Waigizaji nao mbio na maleba yao, shetani na suti yake ya kishetani, wanaenda kujificha wapi? Mnajua.

Sasa tazama waliomo humo ndani. Kuna majambazi waliojigeuza mizimu kwa makusudi, kuna waigizaji wanaofanana na mashetani bila nia ya kumtisha yeyote, na kuna keshia asiyejua lolote. Mzimu wa kweli hayupo hata mmoja. Kila anayetisha naye anatishwa, na sisi tuliokaa huku tunajua nani ni nani. Hapo ndipo pa kucheka: tunajua zaidi ya kila mtu aliyemo, halafu tunawaangalia wakipishana kwenye milango.

Lakini nilichokuja kusema ni kuhusu ngazi.

Katikati ya jumba kuna ngazi ya mbao inayokwenda ghorofani. Ina wenzo wa siri. Ukivutwa, vidaraja vyote vinalala kwa pamoja, ngazi inageuka mteremko laini, na aliyekuwa anapanda anarudi chini kwa makalio. Mara ya kwanza unacheka kwa sababu hukutegemea. Mchekeshaji wa kawaida angeishia hapo na kutafuta kituko kingine. Keaton anairudia. Anairudia akiwa na haraka, anairudia akiwa makini, mara anateleza yeye, mara anateleza mwingine. Ikifika katikati ya picha, mtu akikanyaga tu kidaraja cha kwanza wewe huku umeshaanza kucheka, na yeye anaamua kama akupe ulichokitarajia au akucheleweshe.

Halafu ule mwisho. Adui anampiga Keaton kichwani, anazimia. Malaika wawili wanamwamsha chini ya ngazi nyeupe, ndefu, haina mwisho. Anapanda. Anapanda mpaka mlango wa mbinguni, anamkuta Mtakatifu Petro, anaomba kuingia. Anakataliwa. Na mmeshajua kitakachotokea kwa vile vidaraja. Anateleza kutoka mbinguni, anapita duniani, anatua jehanamu.

Kisha anazinduka palepale kwenye jumba.

Kuteleza kote kule kwa mwanzo kulikuwa maandalizi ya huku. Kituko kimoja, kimekuzwa kidogokidogo, mpaka kimechukua urefu wa ulimwengu mzima. Mimi naona hapo ndipo tofauti ya mtu anayeanguka ili watu wacheke na mtu anayejenga kichekesho. Vichekesho vyetu vingi vya mtandaoni vina anguko la kwanza tu. La pili hamna, la mwisho ndiyo kabisa.

Karibuni.

#2 Mzee wa Bando

Naweka kambi hapa. Ngoja nikashushe nirudi.

#3 Chumvi Kavu

Mtoa mada umeandika vizuri lakini tuseme ukweli, hizi filamu bubu zinaleta usingizi. Nilijaribu moja ya huyo jamaa, watu wanakimbia kama wamekunywa petroli, kinanda kinapigwa palepale dakika ishirini. Nikazima.

#4 Fundi Taa

@Chumvi Kavu, ulichokiona ni nakala mbovu, usimlaumu marehemu.

Nimefanya kazi ya projekta, acha nieleze. Vichekesho hivi viliitwa vya reli mbili, reli maana yake gurudumu moja la mkanda. Reli moja ya milimita 35 ilikuwa futi 1,000 au pungufu kidogo, na kila futi moja ina picha 16. Ukiuzungusha mkanda kwa picha 16 kwa sekunde, reli inakwenda dakika 16 na ushee. Ukiuzungusha kwa picha 24, kasi ya filamu za sauti, inaisha kwa dakika 11. Mkanda ni uleule. Enzi hizo kamera ilizungushwa kwa mkono, na mwenye projekta naye alikuwa na kasi yake, kwa hiyo hapakuwa na kipimo kimoja kilichofungwa.

Baadaye watu wakachukua mikanda ile wakaipitisha kwenye mashine za filamu za sauti bila kurekebisha chochote. Ndiyo hao uliowaona wamekunywa petroli. Wachekeshaji walipenda mwendo uchangamke kidogo, hilo ni kweli, na kamera ilizungushwa polepole makusudi ili ukumbini mambo yaende upesi. Lakini si kwa kiasi kile.

Kinanda nacho ni cha mtu mwingine kabisa. Filamu ilikuja bila muziki, kila ukumbi ukawa na mpiga kinanda wake au bendi yake. Kwa hiyo tafuta nakala iliyosafishwa, yenye muziki uliotungwa na mtu aliyeitazama picha. Ukikosa, zima sauti kabisa. Keaton hahitaji msaada.

#5 Chumvi Kavu

Sawa fundi, nimekusikia. Nitajaribu tena usiku.

#6 Binti Kisauni

Hamjambo wenyeji. Mimi hapa Mombasa nimewasoma nikasema leo sinyamazi.

Kibao Kata, hiyo Keaton ni nzuri, sikatai, lakini ukitaka kichekesho cha jumba la mizimu chenye hadithi ndani yake, basi ni Haunted Spooks ya Harold Lloyd, mchekeshaji mwingine wa enzi hizo, ya mwaka 1920, imeitangulia hiyo yako. Msichana anaachiwa jumba la babu yake kwa sharti akae humo na mumewe mwaka mzima. Mume hana. Ami yake analitaka jumba, naye anajua akiwafukuza kwa hofu ni lake. Wakili anatoka mbio kumtafutia bibi arusi mume, anamwokota Lloyd, kijana aliyekataliwa na mchumba mpaka amekata tamaa na maisha. Wanaozwa upesi upesi, wanapelekwa jumbani, ami anaanza vituko vya minyororo na mashuka.

Hapo mzimu una kazi. Unataka urithi. Kwa Keaton mizimu imejaa tu kama harusi ya mtaani.

Tena kuna la kweli nyuma ya picha hiyo ambalo linatisha kuliko picha. Agosti 1919, wakiwa katikati ya kuipiga, Lloyd alikwenda kwa mpiga picha Los Angeles kupigwa picha za matangazo. Akapewa bomu la kuchezea, lile duara jeusi lenye utambi, awashie sigara yake. Bomu halikuwa la kuchezea. Lilimlipukia mkononi, likamkata kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia, na kwa muda macho yalikuwa hayaoni. Alilala miezi. Alipopona akarudi kuimalizia picha ileile ya vichekesho. Tangu hapo kila filamu alivaa glavu iliyotengenezwa ifanane na mkono mzima, na watazamaji hawakujua. Ile Safety Last! ya 1923, anapoparamia ghorofa na kuning'inia kwenye mshale wa saa, anapanda na vidole vinane.

Na yule bibi arusi wa jumbani, Mildred Davis, akaja kumuoa kweli 1923.

#7 Nyota ya Jaha

Binti Kisauni umeniacha hoi. Vidole vinane???

#8 Kibao Kata (mtoa mada)

@Binti Kisauni, shikamoo kwa hilo la bomu, umelisimulia vizuri mno. Ila kwenye hadithi sikubaliani nawe. Haunted Spooks nusu nzima inakwisha kabla hatujafika jumbani. Lloyd anatafuta mchumba, anakosa, anahuzunika, anatafutwa na wakili. Jumba linakuwa kama karamu iliyoletwa wageni wakiwa wameshashiba. Kinachonivuta kwake ni uso: Lloyd akiogopa unaona ameogopa, macho, mdomo, kila kitu. Keaton haoneshi. Anasimama mbele ya kiumbe cha kutisha na uso wa mtu anayesubiri risiti.

Hakuzaliwa hivyo, alifunzwa na kazi. Wazazi wake walikuwa wasanii wa majukwaani, na yeye aliingia kwenye onyesho akiwa bado mtoto mdogo kabisa, kikundi kikaitwa The Three Keatons. Kazi ya baba ilikuwa kumtupa. Anamtupa kwenye mapazia, anamtupa kwa wapiga muziki, na nguo za mtoto zilishonewa mpini wa sanduku mgongoni ili ashikike vizuri. Kule akagundua kwamba akitua na kucheka, watu hawacheki. Akitua kama hakuna lililotokea, ukumbi unavunjika mbavu. Uso ule ukabaki naye.

#9 Babu wa Tandale

Wanangu, nimesoma yote, mnafurahisha. Lakini mmeruka jambo.

Binti Kisauni, hiyo Haunted Spooks uliyoisifia, watumishi wa jumba ni weusi, na wamewekwa mle kwa kazi moja: kutetemeka. Macho yatoke, magoti yagongane, wakimbie. Hiyo ilikuwa desturi ya vichekesho vya mizimu vya Marekani kwa miaka mingi. Mzungu akiogopa ni kituko cha mtu mmoja, mweusi akiogopa ndiyo tabia ya watu wake wote. Wazungu walilipa tiketi kucheka hilo.

Sisemi msitazame. Mimi nimetazama. Nasema mjue mnachokitazama.

Na humohumo mna mtoto, Ernest Morrison, jina lake la kazi Sunshine Sammy. Mtazameni huyo. Ana umri wa miaka saba hivi, na anajua kamera iko wapi kuliko wakubwa wake. Anatajwa miongoni mwa weusi wa kwanza kupewa mkataba wa muda mrefu Hollywood. Akaingia kundi la watoto la Our Gang lilipoanza 1922, na mwaka 1941 akiwa kijana mtu mzima bado walimpangia picha ya mizimu, Spooks Run Wild, pamoja na Bela Lugosi, yule aliyeigiza Dracula. Miaka ishirini na kitu, na bado kazi ni ileile ya kuogopa mashuka.

#10 Binti Kisauni

Babu, shikamoo. Umesema kweli tupu na sina la kuongeza. Mimi vipande vile huwa navipitisha, na huyo mtoto kweli ni fundi.

#11 Chumvi Kavu

Babu wa Tandale, na huyu Keaton wa mtoa mada yeye yuko salama?

#12 Babu wa Tandale

Marahaba binti. Chumvi, hakuna aliyekuwa salama. The Playhouse, ya mwaka uleule 1921, Keaton amejipaka masizi usoni anaigiza weusi. Mtu anaweza kuwa fundi mkubwa wa ngazi na bado akawa mtu wa nchi yake na zama zake.

#13 Mzee wa Bando

Nimerudi wakuu, nimeitazama mara mbili. Nina swali na naomba mtoa mada asinikwepe.

Umesema hakuna mzimu wa kweli hata mmoja. Sasa kuna kipande cha mifupa miwili inayotembea. Inaleta kiwiliwili, inaleta miguu, mikono, inaunganisha mtu mzima kama kabati la kununua dukani, halafu yule mtu anapata uhai anatembea zake! Hilo nalo ni genge la meneja? Waliwezaje? Kama majambazi wana uwezo wa kuumba mtu, benki wanaibia nini?

#14 Nyota ya Jaha

😂😂😂 Benki wanaibia nini! Nimeshindwa kazi.

#15 Kibao Kata (mtoa mada)

@Mzee wa Bando, umegusa penyewe. Nimekizunguka kipande hicho sana. Kihadithi hakina maelezo. Mlango una siri, ngazi ina wenzo, shuka lina mtu ndani, vyote vinaelezeka. Kile hakielezeki.

Mimi nakichukulia hivi: pale anayefanya mazingaombwe si genge tena, ni sinema. Keaton ameona ana kituko kizuri, akakiweka, hadithi ikasubiri nje. Namna yao ya kufanya kazi ilikuwa hiyo. Hawakuwa na muswada ulioandikwa. Yeye mwenyewe alikuwa akieleza kwamba walitafuta mwanzo, wakatafuta mwisho, katikati ikajijaza yenyewe kazini. Kwa hiyo katikati ya The Haunted House ni mahali pa kujaribu vitu. Kuna pahali mizimu inapishana kwa wingi hadi Keaton anasimama katikati anaiongoza kwa mikono kama trafiki barabarani. Hilo nalo hadithi haikuliomba. Ni zuri tu.

#16 Fundi Taa

Kuongezea hapo kwa Kibao Kata. Mbinu ya mtu kuungwa vipande ni kongwe sana. Kamera inasimamishwa, kitu bandia kinaondolewa, mtu wa kweli anakaa mahali pake mkao uleule, kamera inaendelea. Ukiongeza nguo nyeusi mbele ya ukuta mweusi unaweza kuficha chochote. Georges Méliès, mwanamazingaombwe wa Paris, alikuwa anaisimamisha kamera hivyo mwaka 1896. Na picha yake ya mwaka huo, Le Manoir du diable, imo kwenye jumba: popo anageuka shetani, mifupa inatokea, watu wanakurupuka. Dakika tatu hivi. Wengi leo wanaiita filamu ya kwanza ya kutisha, lakini ukiitazama watu wanaruka na kukimbia kama kichekesho, na nadhani waliokuwa ukumbini walicheka.

Kwa hiyo jumba la mizimu na kichekesho havikukutana baadaye. Vimezaliwa chumba kimoja. Sababu ni ya kifundi kuliko ya kihadithi: jumba linakupa milango, mapazia, ngazi, giza, yaani kila kitu anachohitaji mtu wa mazingaombwe. Mwenye kamera hakutafuta mizimu kwa sababu anaiamini. Aliitafuta kwa sababu inamruhusu kumtowesha mtu bila kueleza.

#17 Mzee wa Bando

Fundi hapo umemaliza. Nakubali. Ila benki bado sielewi wanaibia nini.

#18 Chumvi Kavu

Wakuu nimeitazama. Nakala safi, nilifuata ushauri wa fundi. Nasema ukweli wangu: kipande cha gundi ni kirefu. Kinachekesha dakika mbili tatu za kwanza, baada ya hapo noti zinaganda, zinaganda, zinaganda. Nikawa najiuliza jumba liko wapi. Halafu likija jumba, gundi imesahauliwa kabisa. Ni kama vichekesho viwili vimefungwa pamoja.

Ngazi lakini… ile ya mbinguni nimecheka peke yangu chumbani saa saba usiku.

#19 Kibao Kata (mtoa mada)

Hapo kwenye gundi niko upande wako, Chumvi. Gundi yote ile haikutosha kuunganisha nusu mbili za picha. Ukiipanga na kazi zake nyingine za reli mbili, na kati ya 1920 na 1923 alitoa kumi na tisa, hii haimo kwenye tano bora. One Week, ile ya nyumba ya kujiunganishia ya maharusi, imekaza zaidi. Huku benki ni benki, jumba ni jumba.

Lakini angalia tofauti ya vituko viwili hivyo, ndiyo maana nimeiandikia uzi hii na si One Week. Gundi inaongezeka kwa wingi: mtu mmoja ameganda, wawili, watano. Kuongeza idadi hakuongezi kicheko, kunakichosha. Ngazi inaongezeka kwa maana. Kwanza ni mtego wa jambazi, halafu ni kero ya nyumba, halafu ni jambo ambalo mtu amelizoea mpaka anaanza kulizingatia katika hesabu zake, mwishowe ni hukumu ya Mungu. Picha moja, mtu mmoja, dakika ishirini, na unaviona vyote viwili vikiwa vimekaa jirani. Kwa anayetaka kujifunza kutengeneza vichekesho sioni darasa rahisi kuliko hilo.

#20 Nyota ya Jaha

Mimi naomba kuuliza, samahani kama ni swali la kitoto. Kwa nini mizimu yao kila mara ni mtu anayetaka mali? Kwetu filamu ikiwa na msukule, ni msukule kweli. Hakuna kuvuliwa shuka.

#21 Babu wa Tandale

Si swali la kitoto mwanangu. Majukwaa ya New York miaka hiyo yalijaa michezo ya jumba la giza, wasia, ndugu mwenye tamaa, na mkono unaotoka ukutani. Kanuni ilikuwa moja: mwisho taa ziwashwe, mwizi apatikane. Watazamaji wa mjini walitaka kuogopa usiku kisha kutembea kwenda nyumbani kwa amani. Vichekesho vikadandia mtindo huo kwa sababu ulikuwa unauza.

Kwetu mambo ni mengine. Mtazamaji wa kibanda umiza ukimvulia msukule shuka akakuta ni mjomba anataka shamba, atadai hela yake. Ingawa kwa kweli… mjomba anayetaka shamba yuko kwenye filamu zetu zote. Kinachobadilika ni kwamba yeye huenda kwa mganga badala ya kununua mashuka.

#22 Nyota ya Jaha

Babu 😂 hapo kwa mganga umetufikisha.

#23 Binti Kisauni

Kwa wanaotaka yenye sauti, kuna The Laurel-Hardy Murder Case ya 1930. Stan na Ollie, yaani wachekeshaji Laurel na Hardy wenyewe, wanaona tangazo la urithi wa marehemu Laurel, wanakwenda jumbani usiku wa mvua, na kumbe warithi wote wanashukiwa mauaji. Yenyewe si bora yao, mwisho wake umelegea. Lakini ilivyouzwa nje ndiyo kisa. Wakati ule hapakuwa na uwekaji wa sauti nyingine juu ya picha unaoridhisha, kwa hiyo Hal Roach, mtayarishaji wao, aliwapigisha picha ileile upya kwa lugha nyingine: Kihispania, Kifaransa, Kijerumani. Wale wawili hawajui lugha hizo, wakaandikiwa maneno kwa matamshi wasome pembeni ya kamera. Lafudhi nayo ikawa kichekesho.

#24 Fundi Taa

Na filamu bubu huko Japani ziliwekewa mtu anayesimama pembeni ya pazia anasimulia na kuigiza sauti zote. Wengine walikuwa mastaa kuliko walioko kwenye picha. Sisi tunalijua hilo bila kufundishwa, tuna watu wetu wa kutafsiri filamu kwa kuzisimulia. Lufufu alifanya nini Dar? DJ Afro anafanya nini hapo Kenya kwa Binti Kisauni?

#25 Mzee wa Bando

Weeee! The Haunted House mpe DJ Afro. Ile mifupa miwili inaunganisha mtu halafu DJ Afro anaongea kwa niaba ya mguu wa kushoto. Nalipa.

#26 Binti Kisauni

Na Mtakatifu Petro akimuuliza kitambulisho.

#27 Chumvi Kavu

Swali la kisheria kabla hamjaenda mbali. Mtu akiichukua akaweka simulizi ya Kiswahili akaipandisha mtandaoni, hatafutwi na wenyewe?

#28 Fundi Taa

Kwa sheria za Marekani, picha ya 1921 imeshatoka kwenye hakimiliki, ni ya kila mtu. Cha kuangalia ni muziki. Nakala nyingi zina muziki uliotungwa karibuni, na huo una mwenyewe. Wakipandisha na muziki ule, video inashushwa. Ondoa sauti yote, weka simulizi na ngoma zako. Hapo hakuna wa kukuuliza.

#29 Mzee wa Bando

Fundi, na ile ngazi yenyewe, haikuwahi kumuumiza mtu? Maana ile mbao ikilala vibaya vidole vinabaki ndani.

#30 Kibao Kata (mtoa mada)

Sijibu kwa niaba ya Fundi, ila ngazi iliyomuumiza ni nyingine. Alianza kupiga The Electric House, nyumba iliyojaa mitambo ya umeme, na mojawapo ni ngazi inayotembea yenyewe. Kiatu chake kikanaswa kwenye mtambo, kifundo cha mguu kikavunjika. Kazi ikasimama, mkanda uliokwisha pigwa ukatupwa. Alipokuwa bado anachechemea ndipo akatengeneza The Playhouse, ile aliyoitaja Babu, ambamo anaigiza karibu kila mtu ukumbini kwa mbinu za kamera, kwa sababu kuruka hakuwezi.

Mguu ulipopona akairudia The Electric House upya mwanzo mwisho, ikatoka 1922. Ngazi akaiacha ndani.

#31 Chumvi Kavu

Nimeimaliza hiyo ya 1922 sasa hivi. Ngazi inamchukua, inampandisha, inamtupa dirishani mpaka kwenye bwawa la kuogelea. Uso wa risiti uleule. Mtu kavunjwa mguu na kitu, kaenda kukijenga tena, kakipanda tena. Tuwekeeni orodha ya hizo nyingine, kesho ni Jumapili.